Kufinyanga Vimeng'enya vya Kutengenezea Dawa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikiwa wanafunzi, wafamasia na mafundi wa maabara wa Malindi na ukanda wake, kuanzia Watamu hadi Marereni. Anayetaka kujua tu dawa yake ilitengenezwaje atatosheka na maswali ya mwanzo na ya mwisho. Anayetaka kushika pipeti asiruke yale ya katikati.

Kimeng'enya kinaingiaje kwenye tembe ninayonunua dukani?

Hakiingii. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali, kinatumika kutengeneza kiambato amilifu, yaani ile sehemu ya tembe inayotibu, kisha kinaondolewa. Mfano wa zamani ni amoksilini. Kiwanda huanza na penisilini G iliyotolewa na kuvu, kisha kimeng'enya kiitwacho asilesi ya penisilini hukata mkia wake na kubakiza kiini kinachoitwa 6-APA, na juu ya kiini hicho ndipo amoksilini hujengwa. Kabla ya hapo mkia huo ulikatwa kwa kemikali kali za fosforasi na klorini, katika baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sufuri. Kimeng'enya hufanya kazi ileile ndani ya maji, kwa joto la kawaida.

Kwa nini neno "uteuzi" linarudiwa sana katika kazi hii?

Uteuzi ni uwezo wa kimeng'enya kuchagua, na unahitajika kwa sababu molekuli nyingi za dawa huja kwa sura mbili zenye atomu zilezile, ila moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo. Ni kama ndara: ya kulia na ya kushoto zimekatwa kwenye mpira mmoja, lakini mguu hauzikubali sawa. Sura hizo tutaziita mikono. Ofloksasini ni mchanganyiko wa sura zote mbili. Levofloksasini ni ile moja peke yake, na ndiyo yenye karibu nguvu yote ya kuua bakteria.

Usafi wa mkono mmoja huandikwa kwa alama ya ee, yaani ziada ya mkono unaoutaka juu ya ule mwingine. Hapa wengi huteleza: ee ya 99% si 99 kwa 1, bali ni 99.5 kwa 0.5. Na ukitaka kuona jambo lenyewe lilivyo jembamba, angalia nishati. Kwa nyuzi 25, tofauti ya vizingiti vya nishati inayotoa ee ya 90% ni kama kilojuli 7 kwa moli. Kwa 99% ni kama 13. Hicho ni kiasi cha nguvu ya kifungo kimoja cha haidrojeni. Ndiyo maana kubadilisha asidi amino moja tu kwenye kishimo cha kazi, yaani pale kimeng'enya kinaposhikia malighafi, kunaweza kukupandisha kutoka 90 hadi 99, au kukugeuzia mkono kabisa.

Uteuzi una sura nyingine pia. Kimeng'enya kizuri hugusa kundi moja la ketoni na kuiacha esta iliyo jirani yake, au huchagua hidroksili moja kati ya tano zinazofanana. Kemia ya kawaida ingehitaji kuyafunika makundi mengine kwanza, kisha kuyafunua baadaye, na kila hatua ya namna hiyo hula malighafi na kumwaga taka.

Thalidomaidi ingekuwa salama kama ingeuzwa ya mkono mmoja?

Hapana. Dawa hiyo iliuzwa Ujerumani kuanzia 1957 na kuondolewa 1961 baada ya kuharibu viungo vya watoto tumboni. Mikono yake miwili hugeukiana ndani ya mwili, hivyo hata ungemeza mmoja safi ungeishia na yote miwili. Inafaa kukumbushwa kwamba si kila tatizo la mkono hutatuliwa kiwandani.

Nionyesheni mfano mmoja ambapo kimeng'enya kilichofinyangwa, yaani kilichobadilishwa makusudi, kilishinda kemia ya madini.

Sitagliptini, dawa ya kisukari. Njia ya awali ilitumia kichocheo cha madini ya rodi na gesi ya haidrojeni kwa shinikizo la takriban mara 17 ya hewa ya kawaida. Ilitoa ee ya 97%, kwa hiyo ilibidi zao lisafishwe tena kwa kuligandisha fuwele, na mabaki ya rodi kuondolewa kwa mkaa.

Mwaka 2010 watafiti wa Merck na Codexis walichapisha njia mbadala. Walianza na transaminesi, kimeng'enya kinachoweka amini mahali pa ketoni, ya bakteria wa jenasi ya Arthrobacter, ambayo ilikubali ketoni ndogo tu na haikuigusa kabisa ketoni ya sitagliptini. Hawakuirushia malighafi kubwa moja kwa moja. Waliikata kwanza upande mmoja, wakakipanua kishimo kidogo kidogo, na kimeng'enya cha kwanza kilichofanya kazi kwa malighafi kamili kilibadilisha 0.7% tu kwa saa 24. Matokeo kama hayo hutupwa na wengi. Kumbe 0.7% ni ushindi, maana sasa kuna kitu cha kupimika, na kinachopimika kinaweza kuboreshwa. Kufikia mwisho kimeng'enya kilikuwa na mabadiliko 27 ya asidi amino, kikibeba gramu 200 za malighafi kwa lita kwa kutumia gramu 6 za kimeng'enya, ndani ya mchanganyiko ambao nusu yake ni kiyeyushi cha DMSO, na ee ikizidi 99.95%. Mavuno yalipanda, taka zikapungua kwa 19%, na rodi haikuhitajika tena.

Mageuko ya kuelekezwa hufanywaje, hatua kwa hatua?

Njia hii ndiyo iliyompa mhandisi wa kemia Frances Arnold nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2018. Kimsingi unabadilisha jeni, unazalisha vimeng'enya vingi tofauti, unavipima vyote, unamchukua aliye bora na kuanza tena naye.

Jeni hubadilishwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni PCR (njia ya kunakili DNA) yenye makosa: unaongeza kloridi ya manganisi, kwa kawaida milimola 0.1 hadi 0.5, ili polimeresi, kimeng'enya kinachonakili, ikosee. Lenga badiliko moja hadi matatu ya asidi amino kwa kila jeni. Ukizidisha, karibu kila kimeng'enya kitakufa na hutajua ni badiliko lipi lililoua. Njia ya pili, nasi huipendelea pale umbo la protini linapojulikana, ni kuchagua nafasi chache zinazozunguka kishimo na kujaribu asidi amino zote 20 katika kila nafasi.

Jeni hutiwa kwenye plazmidi, yaani duara dogo la DNA, na plazmidi kwenye bakteria Escherichia coli, mara nyingi aina ya BL21(DE3). Kila koloni, yaani kikundi cha bakteria waliotokana na seli moja, huokotwa kwa kijiti na kuwekwa kwenye kisima chake katika sahani ya visima 96, chenye mikrolita 200 za LB (mchuzi wa kulishia bakteria) na antibiotiki, kisha sahani hutikiswa usiku kucha. Asubuhi hamisha mikrolita 10 hadi 20 kwenye sahani ya visima virefu yenye mikrolita 380 za TB, mchuzi wenye chakula zaidi. Bakteria wakifika OD (kipimo cha ukungu wao) ya 0.6 hadi 0.8 ongeza IPTG, kemikali inayowasha jeni, na uwaache kwa nyuzi 25 hadi 30 kwa saa 18 hadi 20. Kabla ya kuendelea, changanya kiasi cha utamaduni wa ile sahani ya kwanza na gliseroli ya 40%, sawa kwa sawa, na uigandishe. Asiyehifadhi sahani hiyo atampata mshindi kwenye grafu na kumkosa kwenye friza.

Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji, gandisha mashapo ya seli, kisha yapasue kwa lisozimu miligramu 1 kwa mililita pamoja na polimiksini B miligramu 0.5 kwa mililita, ukitikisa kwa saa moja au mbili. Zungusha tena. Maji ya juu ndiyo kimeng'enya chako, kichafu lakini kinatosha.

Sasa kipimo. Kazi nzima inasimama au kuanguka hapa, kwa sababu mageuko yatakupa ulichokipima, hayatakupa ulichokitamani. Ukipima kwa malighafi nyepesi inayotoa rangi nzuri, utapata kimeng'enya kinachoipenda malighafi hiyo yenye rangi. Ukipima ndani ya bafa safi (maji yenye chumvi za kushikilia pH) wakati kiwanda kitatumia DMSO ya 50% na nyuzi 45, utapata kimeng'enya kinachofia kiwandani. Tumia malighafi yenyewe, kiyeyushi chenyewe na joto lenyewe mapema kadiri uwezavyo, na kila kizazi kaza masharti kidogo: malighafi zaidi, kimeng'enya pungufu, muda mfupi zaidi.

Nikague koloni ngapi?

Kodoni ni herufi tatu za DNA zinazotaja asidi amino moja. Ukitumia kodoni za NNK, mchanganyiko unaotaja asidi amino zote 20, una michanganyiko 32 kwa nafasi moja. Ili utarajie kuona 95% yake, zidisha mara tatu: takriban koloni 95, yaani sahani moja. Nafasi mbili kwa pamoja ni 1,024, na hapo unahitaji kama 3,070, ambazo ni sahani zaidi ya 30. Nafasi tatu ni karibu 98,000, jambo ambalo maabara ndogo isijaribu. Kodoni za NDT hutoa asidi amino 12 tu lakini zenye tabia mbalimbali, na koloni 36 zinatosha kwa nafasi moja. Kwa asiye na roboti, kupunguza alfabeti ni bora kuliko kukagua nusu ya maktaba kubwa.

Kwa nini mshindi wa sahani hugeuka kuwa wa kawaida nikimkuza kwenye chupa?

Sababu ya kawaida ni kelele ya sahani. Visima vya pembeni hukauka haraka, hewa haiwafikii bakteria wote sawa, na kiasi cha protini hutofautiana kutoka kisima hadi kisima. Weka kimeng'enya mzazi katika visima vinane hivi vilivyotawanyika sahanini, si vyote kwenye safu moja, na visima vingine vinne vya bakteria wenye plazmidi tupu. Ikiwa wazazi wenyewe wanatofautiana kwa 15%, usimshangilie anayewazidi kwa 20%. Chukua kumi bora, warudie kwa visima vinne vinne, ndipo uamue.

Sababu ya pili ni E. coli mwenyewe. Ana viridukta vyake, yaani vimeng'enya vinavyoongeza haidrojeni kwenye ketoni, na baadhi hutengeneza mkono usioutaka. Kipimo cha NADPH, kofakta (molekuli saidizi) inayobeba haidrojeni hiyo, kwenye nanomita 340 hakitakuonyesha hilo: kinahesabu kasi ya kofakta kutumika, hakijui mkono, wala hakijui nani aliyeitumia. Kitumie kuchuja, lakini ee ipimwe kwenye HPLC au GC, mashine za kutenganisha molekuli, yenye safu ya kutenganisha mikono.

Sababu ya tatu ni protini kujikunja vibaya na kuganda ndani ya seli. Utaiona kwenye jeli: ukanda mnene kwenye mashapo, hafifu kwenye maji ya juu. Shusha joto hadi nyuzi 18 au 20, punguza IPTG hadi milimola 0.1, uongeze muda.

Kofakta ni ghali mno. Viwanda hufanyaje?

Huirudisha. Kiridukta cha ketoni hutumia NADPH moja kwa kila molekuli, kwa hiyo huongezwa kimeng'enya cha pili, dihidrojenesi ya glukosi, kinachoirejesha kwa kula glukosi. Lakini kila moli ya zao huacha moli moja ya asidi ya glukoni. Ukiendesha moli 1 kwa lita kwa bafa ya milimola 100, pH itaanguka kabla hujafika mbali na vimeng'enya vyote viwili vitasimama. Tia hidroksidi ya sodiamu kidogo kidogo kwa kidhibiti cha pH. Anayeripoti kwamba mmenyuko wake "umekwama kwenye asilimia kumi na kitu" mara nyingi hana tatizo la kimeng'enya hata kidogo. Apime pH kwanza.

Njia nyingine ni isopropanoli: kiridukta chenyewe huigeuza kuwa asetoni na kujirudishia kofakta. Hakuna asidi, hakuna kimeng'enya cha pili, ila asetoni lazima itolewe kwa kupuliza naitrojeni au kushusha shinikizo, la sivyo mmenyuko hurudi nyuma.

Atovastatini ya lehemu ina mfano mzuri wa haya. Kiridukta na dihidrojenesi ya glukosi hutengeneza pombe yenye klorini ya mkono sahihi, kisha kimeng'enya cha tatu huiondoa klorini na kuweka sianidi katika pH iliyo karibu na ya maji, mahali ambapo kemia ya kawaida ilihitaji joto na alkali na kuzaa uchafu.

Joto na unyevu wa Malindi vinaathiri vipi kazi hii?

Sana. Isopropilamini, inayotumika kama mtoaji wa amini kwa transaminesi, huchemka kwa nyuzi 32 au 33. Machi, kaskazi ikiwa imetulia na joto la mchana limepita 30, chupa ikiachwa mezani hujaa mvuke. Ukiifungua hujui tena mkusanyiko wako, na mvuke wenyewe unachoma macho na mapafu. Iwekwe kwenye friji, ipimwe ikiwa baridi, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Kofakta ya transaminesi, PLP, huharibiwa na mwanga: funga chupa kwa karatasi ya alumini.

Unga wa kimeng'enya kilichokaushwa hufyonza unyevu wa pwani mara moja. Usifungue mkebe uliotoka kwenye friza hadi ufike joto la chumba, maana umande utaingia ndani. Gawa unga katika vichupa vidogo vyenye silika.

Stima ikipotea, friza ya nyuzi 80 chini ya sufuri hushikilia baridi kwa saa kadhaa tu iwapo haifunguliwi. Kinga nafuu ni tone la plazmidi lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio: hukaa kwenye droo kwa muda mrefu, na kwa tone la maji unaweza kulirudisha ndani ya bakteria. Na maji ya kisima yenye chokaa na chumvi yasitumiwe kwenye bafa hata ya majaribio.

Mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni yana vimeng'enya vya maana?

Tunaamini yanastahili kuangaliwa. Rangi ya waridi inayotokea bwawa linapokaribia kutoa fuwele huletwa na arkea (vijidudu vya seli moja, tofauti na bakteria) wapenda chumvi na mwani wa Dunaliella. Arkea hao hujaza seli zao kloridi ya potasiamu kwa wingi mkubwa, hivyo protini zao zimezoea kuishi na maji haba. Kiyeyushi cha kikaboni nacho huiba maji kwenye protini, na baadhi ya vimeng'enya vya wapenda chumvi huvumilia viyeyushi kuliko vya bakteria wa kawaida.

Ugumu ni huu: nyuso za protini hizo zimejaa asidi za aspati na glutami zenye chaji hasi, na ndani ya E. coli pasipo chumvi hukunjika vibaya. Ama utumie mwenyeji mpenda chumvi kama Haloferax volcanii, ama uikunje upya protini kwenye bafa yenye chumvi nyingi.

Usichote sampuli kabla ya ruhusa ya mwenye bwawa, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha kufikia rasilimali za kijenetiki. Kenya imewahi kuumia hapo: vijidudu vya maziwa ya magadi, likiwemo Bogoria, vilitoa vimeng'enya vilivyouzwa ng'ambo kwa sabuni na kufifisha jinzi, na mzozo wa mgao ukaja baadaye. Mkataba uandikwe kabla ya chupa kujazwa.

Kompyuta haziwezi kufanya yote haya siku hizi?

Zinasaidia kuchagua nafasi za kubadilisha, na umbo lililokisiwa huokoa miezi. Lakini kilojuli 6 kati ya ee ya 90 na ya 99 bado ni ndogo kuliko kosa la makisio mengi. Kipimo cha maabara hakiepukiki.

Je, kuna kitu cha nguruwe katika dawa hizi?

Swali la haki, na jibu linategemea njia. Baadhi ya vimeng'enya vya zamani vilitolewa kwenye ini au kongosho la nguruwe. Vilivyofinyangwa leo huzalishwa na bakteria au kuvu. Hata hivyo, chakula cha bakteria chaweza kuwa na triptoni, ambayo ni protini ya maziwa iliyomeng'enywa, mara nyingi kwa tripsini ya kongosho la nguruwe. Vipo vyakula visivyo na asili ya mnyama, na mtengenezaji anaweza kuulizwa kwa maandishi. Hukumu yenyewe waulizwe masheikh, wakiwa na maelezo haya mkononi.

Mabaki ya protini huondolewaje?

Kwa kupasha joto hadi protini igande, kuchuja kwa unga wa diatomu (maganda ya mwani mdogo), kisha kuvuta zao kwa kiyeyushi. Tatizo la kawaida ni uji mzito unaokaa kati ya maji na kiyeyushi na kukataa kutengana. Usitikise zaidi. Ongeza unga wa diatomu, pasha hadi nyuzi 60 hivi, chuja, ndipo utenganishe.

Kazi hii ina uhusiano na malaria?

Upo. Asidi ya artemisini imetengenezwa na chachu iliyopewa jeni za mmea wa Artemisia annua, na mwaka 2013 ilichapishwa kwamba imefikia gramu 25 kwa lita. Hatua ya mwisho ya kupata artemisini, hata hivyo, ni ya kemia ya oksijeni na mwanga, si ya kimeng'enya. Kwa upande wa VVU, dawa ya islatravir ilitengenezwa mwaka 2019 kwa vimeng'enya tisa, vitano kati yake vikiwa vimefinyangwa, bila kutenga zao lolote la katikati.

Ninahitaji kibali kufuga bakteria waliobadilishwa?

Ndiyo, hata ndani ya maabara iliyofungwa. Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 inaiweka kazi hiyo chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia. Kila sahani iliyotumika ipikwe kwenye otoklevu kwa nyuzi 121 kabla ya kutupwa.

Shule yetu haina vifaa hivyo. Tuanze na nini?

Karoti za sokoni. Zimenye, zikate vipande vidogo, ziweke kwenye maji safi pamoja na asetofenoni kidogo, utikise kwa siku mbili au tatu. Vimeng'enya vya karoti hugeuza sehemu yake kuwa pombe ya mkono wa S. Chuja, vuta kwa ethili asetati, na kama kuna polarimita, kifaa cha kupima mgeuko wa mwanga, utaona pombe hiyo ikigeuza ndege ya mwanga uliopolaishwa. Weka chupa ya pili yenye karoti zilizochemshwa: humo hakuna kitakachobadilika.

Chuo chenye HPLC kianze na dihidrojenesi ya pombe ya bakteria Lactobacillus brevis, inayotoa mkono wa R kwa ketoni ileile na kurudisha kofakta kwa isopropanoli. Kimeng'enya hiki hushikiliwa na magnesi. Weka kloridi ya magnesi milimola 1 katika kila bafa, na hakikisha hakuna EDTA popote, hata katika bafa ya kusafishia, kwa kuwa itainyakua magnesi na kimeng'enya kitakufa kikiwa bado kinaonekana kizima kwenye jeli.